Je, Wajua? Titani si adimu, ila kazi yake ni ghali

Titani ni elementi ya 9 kwa wingi katika gamba la dunia, lakini fremu yake ya baiskeli ya mashindano huuzwa ghali kuliko ya chuma. Kwa nini? Anayeichomelea lazima aizingire kwa gesi ya argoni, nje na ndani ya bomba. Hewa ikipenya, mshono hugeuka buluu iliyokolea au kijivu, na hapo fremu inaweza kupasuka siku moja. Mabomba yenyewe mara nyingi ni aloi ya titani iliyozoeleka kwenye haidroliki za ndege: alumini asilimia 3, vanadi 2.5. Haishiki kutu, hata rangi haihitaji. Kwa wepesi, fremu ya nyuzi za kaboni bado inaishinda. Mwendesha baiskeli wa mashindano anayepanda milima achukue kaboni; anayetaka fremu ya kudumu, anunue titani.