Uchaji Salama wa Betri ya Mtumbwi katika Chumba cha Kupanga: Mfano wa Singida Mjini

Maziwa ya Singidani na Kindai yamo ndani ya mji wa Singida. Hivyo, mtu anayetumia betri mtumbwini, iwe kwa taa au kwa injini ndogo, anaweza kuibeba hadi nyumbani na kuichaji usiku. Iwapo makazi yake ni chumba kimoja cha kupanga, betri hulala palepale anapolala yeye na watoto wake. Kwa kuhofia wizi, huenda akaisukuma uvunguni mwa kitanda au akaifungia sandukuni. Makala haya yanafafanua kwa nini maficho hayo ni hatari kuliko chumba chenyewe.

Betri inayozungumziwa ni ya asidi na risasi, ya volti 12, yenye seli sita. Inapojaa, umeme unaoendelea kuingia hauhifadhiwi tena, bali huyatenganisha maji yaliyomo kuwa gesi za hidrojeni na oksijeni. Kila ampea-saa moja ya ziada huzalisha takribani lita 2.5 za hidrojeni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na huweza kuwaka kwa mlipuko inapofikia asilimia 4 ya hewa.

Chukulia chaja ya ampea 7 isiyojizima. Betri ikishajaa, chaja hiyo husababisha takribani lita 17 za hidrojeni kwa saa. Katika chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7, asilimia 4 ni karibu lita 970, kiasi kisichofikiwa kwa usiku mmoja. Katika sanduku lenye nafasi ya lita 200, asilimia hiyo ni lita 8 tu, nazo hupatikana ndani ya nusu saa. Cheche moja ya kibanio cha waya hutosha kuilipua na kurusha asidi machoni.

Kwa hiyo, betri ichajiwe barazani au karibu na dirisha lililo wazi, mbali na jiko, sigara na watoto. Chaja inayojizima ndiyo bora, na mkondo wake usizidi sehemu moja ya kumi ya ujazo: ampea 7 kwa betri ya ampea-saa 70. Vibanio vifungwe kabla ya kuwasha soketi, na soketi izimwe kabla ya kuvifungua. Maji yakipungua, yaongezwe yaliyokenekwa pekee. Maji ya Singidani yana chumvi, ambayo huharibu betri na huweza kuzalisha klorini, gesi yenye sumu. Asidi ikimgusa mtu, aoshwe mara moja kwa maji mengi safi.

Hofu ya wizi nayo ina msingi. Suluhisho lake ni kuifunga betri kwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza, au kuichaji mchana mwenyewe akiwapo.