Wasiwasi Sugu na Tiba Isiyo ya Vidonge

Mkazi wa Kurasini ambaye moyo humwenda mbio kila apandapo basi la Barabara ya Kilwa hupata nafuu ndani ya saa moja akimeza diazepamu. Nafuu hiyo ni ya kweli, na ndiyo chanzo cha tatizo. Ubongo hujifunza kwamba kidonge ndicho kilichomwokoa. Haujifunzi kamwe kwamba basi halikuwa na hatari. Baada ya majuma kadhaa dozi ileile huanza kupungua nguvu, na dawa ikikosekana wasiwasi hurejea ukiwa umeongezeka, pamoja na kutetemeka na kukosa usingizi. Mgonjwa hudhani ugonjwa umezidi, kumbe mwili unaidai dawa.

Tiba ya kisaikolojia hufuata njia iliyo kinyume. Mgonjwa huelezwa kwanza kwamba mapigo ya moyo yaletwayo na hofu hufikia kilele kwa dakika chache, kisha hushuka yenyewe. (Bila shaka moyo, tezi ya shingo na wingi wa damu viwe vimekwisha kuchunguzwa.) Kisha hupangiwa mazoezi ya ngazi kwa ngazi: leo kusimama kituoni Uhasibu bila kupanda, siku nyingine kwenda kituo kimoja, baadaye hadi Mtoni, na hatimaye Mbagala, akibaki ndani ya basi mpaka hofu ipungue. Kushuka njiani hofu ikiwa juu huilisha hofu hiyo. Ndiyo maana hatua huwa ndogo.

Ni kweli wanasaikolojia ni wachache, lakini hiyo si hoja ya kuendelea kuandika vidonge. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa vikao 5 vinavyoweza kuendeshwa na wasio wataalamu, mradi wamefunzwa na wanasimamiwa: kupumua polepole, kutatua matatizo, kurejea shughuli zilizoachwa na kuimarisha msaada wa ndugu na marafiki. Wahudumu wa afya ya jamii waliutumia Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionesha kuwa dhiki yao ilipungua kuliko ya waliopata huduma ya kawaida.

Anayetumia dawa hizi kila siku kwa miezi asiache ghafla, kwani degedege laweza kumpata na hata kumuua. Daktari ampunguzie dozi kidogo kidogo, mara nyingi kwa miezi kadhaa, mazoezi yakiwa yamekwisha kuanza. Pombe na dawa za maumivu za jamii ya mofini ziepukwe kabisa: zikiungana na diazepamu hudhoofisha upumuaji.