Ng'ombe Ndani ya Jina la Omari

Andika herufi A kubwa kwenye karatasi. Sasa geuza karatasi, juu iwe chini. Ile miguu miwili imekuwa pembe, sivyo? Tia nukta mbili ziwe macho, na mbele yako yuko ng'ombe. Lakini usijisifu. Hukumchora wewe. Alikuwamo humo tangu zamani, naye amekaa kichwa chini kwa zaidi ya miaka 2,000 bila mtu wa kumwinua.

Nataka niwasimulie alikotoka ng'ombe huyo, na ili nisipotee njiani nitamfuata mtoto mmoja. Tumwite Omari. Ana miaka mitano, anakaa Pangani, pale mto unapoingia baharini. Asubuhi huenda darasa la awali, alasiri huenda chuoni kusoma Kurani. Siku hizi ana shughuli moja tu duniani: kuandika jina lake.

Jina lenyewe lina herufi tano. Ukimtazama anavyolihangaikia, utadhani zimefika hamsini. Ulimi uko nje, bega limepanda, penseli kaikamata kwa ngumi kama mtu anayesonga ugali wa harusi. Akifika M, ncha inakatika. Anatafuta kichongeo, kichongeo hakionekani, kumbe anacho dada yake Fatuma, basi nyumba nzima haina amani tena.

Wapo watu wazima watakaosema mtoto huyu ni mvivu. Mimi siwaungi mkono, na sababu yangu iko kwenye kifundo cha mkono. Shika chako, ukikunjekunje. Mtu mzima ana mifupa midogo minane hapo. Mtoto anapozaliwa, hiyo minane haijawa mifupa bado. Ni gegedu, kitu kile kile laini unachokisikia ukikunja sikio lako. Hugeuka mfupa mmoja mmoja, polepole, mwaka hata mwaka. Omari kwa umri wake bado hajaimaliza yote. Mtu anayemtaka aandike kurasa mbili bila kupumzika hajui anachokiomba. Afadhali ampe mahindi ya kupukuchua, au amwache acheze gololi. Vidole hupata nguvu huko huko, bila machozi.

Halafu kuna maumbo. Mtoto mdogo huanza kwa mikwaruzo tu, kisha huweza kuvuta mstari uliosimama. Akikaribia miaka mitatu huchora duara, mwaka mmoja mbele huweza kukatisha mistari miwili kama alama ya kujumlisha. Mistari ya mshazari ndiyo huchelewa kuliko yote. Sasa litazame jina la jamaa yetu. O haina tabu, I ni kijiti. Lakini M, A na R zote zimejaa mishazari! Mtoto aitwaye TITO amebahatika: mistari iliyonyooka na duara moja, kazi imekwisha, anakwenda kucheza. Wazazi hawafikirii mambo haya wanapochagua majina, na sidhani kama wataanza leo.

Omari alianza na O. Hilo ni la kawaida. Watafiti wa elimu wamegundua kuwa herufi ya kwanza ya jina ndiyo ambayo mtoto huijua mapema kuliko nyingine. Kwake hiyo si herufi tu, ni mali yake. Anaiona kwenye basi lililoandikwa KOROGWE, tena mara mbili, anapiga kelele kama aliyeokota shilingi. Siku alipoikuta kwenye jina la mwenzake Rehema Saidi Bakari… la, humo haimo, na Omari alifurahi sana. Ila ilikuwamo kwenye jina la Moza. Walinuniana mpaka saa ya uji.

Tumwache anune kidogo, nasi tusafiri.

Twende Misri, kwenye rasi ya Sinai, jangwani, mahali paitwapo Serabit el-Khadim. Zaidi ya miaka 3,500 iliyopita palikuwa na machimbo ya feruzi, lile jiwe la rangi ya buluu-kijani linalotiwa kwenye pete. Wamisri wa wakati huo waliandika kwa picha: ndege, macho, magugu, vyungu, mamia kwa mamia. Mwandishi alisomea kazi hiyo miaka mingi. Pale machimboni walikuwapo pia watu wengine, waliozungumza lugha yenye undugu na Kiarabu. Mwaka 1905 mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alikuta kwenye mawe ya huko maandishi ambayo hayakuwa ya Kimisri. Picha zilikuwa chache mno, zinajirudia. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya alfabeti tunayoyajua.

Ujanja wa maandishi hayo ni huu. Chora kitu, kisha usikisome chote. Chukua sauti yake ya kwanza, iliyobaki tupa. Ukichora maji, soma M. Ukichora kichwa, kwao husomwa R, maana kichwa kwao kilianza na sauti hiyo. Hivyo huhitaji mamia ya picha. Thelathini hivi zinatosha kuandika neno lolote, hata jina la mtu ambaye hajazaliwa. Jaribu wewe kwa Kiswahili. Kwa M utachora mti, kwa R redio, kwa I iliki. O ndiyo itakayokusumbua. Kaa chini ufikiri.

Sasa rudi kwenye jina letu. O ilikuwa jicho. M ilikuwa maji, mawimbi yanayopanda na kushuka, na ukiitazama vizuri bado yamo. A ndiyo ng'ombe wetu. R ilikuwa kichwa cha mtu kilichokaa juu ya shingo. I ilikuwa mkono. Jicho, maji, ng'ombe, kichwa, mkono: Omari. Mtoto anayetoa ulimi nje akichora jina lake anafanya kazi ile ile iliyofanywa jangwani, maana hata wale walikuwa wakichora.

Picha hizo hazikubaki palepale. Wafoinike, mabaharia na wafanyabiashara wa pwani ambayo leo ni Lebanoni, walizirahisisha, kwa sababu mtu wa biashara hana muda wa kuchora kope. Ng'ombe wakamlaza ubavu. Wagiriki wakazichukua kwa Wafoinike, yapata miaka 2,800 iliyopita, wakamgeuza zaidi mpaka pembe zikawa miguu. Mkono wakaunyoosha ukawa kijiti kimoja. Warumi wakazipokea, na kichwa wakakiongezea mguu wa mbele ili kisifanane na P. Kwenye Kiswahili zilifika kwa kuchelewa. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, naye ni mmoja wa wale walioanza kuandika lugha yetu kwa herufi hizi za Kirumi.

Msidhani basi kwamba kabla yake Waswahili walikuwa hawaandiki. Waliandika barua, hati na tenzi ndefu kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka una nakala ya mwaka 1728, zaidi ya miaka mia moja kabla Krapf hajashuka chomboni. Watoto wa pwani walijifunza kuandika juu ya ubao wa mbao, kwa kalamu ya tete na wino, na somo likishaingia kichwani ubao unaoshwa, linaandikwa lingine. Mpaka leo mtu asiyejua kitu kabisa tunasema hajui hata alifu kwa kijiti, yaani hata herufi ile ya kwanza anayoelekezwa mtoto kwa kijiti.

Hapo ndipo hadithi inaponoga. Alasiri Omari yuko chuoni, na maalimu anamwonyesha jina lake kwa Kiarabu. Linakwenda kutoka kulia kwenda kushoto, na lina herufi tatu tu: ain, mim, re. Irabu ni alama ndogo zinazokaa juu au chini. Omari anaona hiki ni kitu kingine kabisa, jina la pili, adhabu ya pili. Lakini herufi za Kiarabu nazo ni wajukuu wa zile picha za jangwani, kupitia njia nyingine. Ain ni lile jicho, sasa limefumbuka upande. Mim ni yale maji, mawimbi yamekazwa yakawa kifundo. Re ni kile kichwa, kimebaki mkunjo wa shingo. Jicho, maji, kichwa! Asubuhi na alasiri mtoto huyu anaandika picha zile zile, kwa mpangilio ule ule, akianzia ncha mbili tofauti za ukurasa. Mimi nilipolitambua hilo nilicheka peke yangu.

Ukurasa una ncha mbili, na hilo humletea Omari balaa. Siku moja alianza kuandika karibu na ukingo wa kulia. Alipoona huko hakuna nafasi, akaendelea kuelekea kushoto, jina zima. Watoto wengi wa miaka mitano hufanya hivyo, hata wasiosoma Kiarabu. Na angalia jinsi jina lake linavyoficha siri: O, M, A na I zikigeuzwa kama kwenye kioo hubaki vile vile. R peke yake ndiyo msemaji.

Bibi yake alikuwa amekaa barazani. Akaichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho.

"Mjukuu wangu, mbona hii R imeugeukia mlango?"

"Shikamoo, bibi. Inatazama chuoni."

"Marahaba. Na leo shuleni haikwenda?"

Bibi hakumpiga kofi wala hakumwita mjinga, na alikuwa na sababu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bibi ni mmoja wa waliokwenda kisomo katika miaka iliyofuata, jioni, akiwa na mtoto mgongoni. Kabla ya hapo kila karatasi iliyomhitaji aliibandika dole gumba. Anajua mkono unavyokataa.

Nami nitamtetea huyo mgeuza R. Tangu azaliwe Omari ameona vitu ambavyo havibadiliki vikigeuka. Kikombe mkono wake uwe kulia au kushoto, ni kikombe. Paka akitazama huku au kule, ni paka. Ubongo umejifunza kutojali upande, na umefanya vyema, vinginevyo angemkimbia paka wake kila akigeuka. Kisha siku moja mwalimu anaandika b na d ubaoni, anasema hivi ni vitu viwili tofauti. Tangu lini? Inabidi ubongo usahau ulichokijua kwa hawa wageni wachache tu, na huchukua muda. Watoto wengi huacha kugeuza wenyewe wakifika miaka saba hivi.

Tena, Wagiriki wa kale walifanya hivyo kwa makusudi. Waliandika mstari mmoja kwenda kulia, uliofuata kurudi kushoto, na herufi zikageuka pamoja na mstari. Watoto wa Shinyanga na Simiyu wataelewa upesi, maana ndivyo ng'ombe wa plau wanavyokwenda: wakifika mwisho wa shamba hawarudishwi mwanzo kwa miguu mitupu, hugeuka hapo hapo na kulima kurudi. Wagiriki waliliita andiko hilo kwa mgeuko wa ng'ombe. Na R ya Wafoinike, waliokwenda kulia kushoto kama Waarabu, ilitazama kushoto, sawasawa na ya Omari.

Haya yote mwalimu wa awali hayamhusu sana. Ana watoto wengi na chaki chache. Anataka herufi ndogo, si zile kubwa alizofundishwa Omari na Fatuma nyumbani. Kwa hiyo a imekuwa kitumbo chenye mkia, ng'ombe haonekani tena, na r imepoteza kichwa kizima. Kilichomfurahisha Omari ni nukta ya i. Nukta hiyo Wafoinike hawakuijua, wala Warumi. Waliiweka waandishi wa Ulaya kiasi cha miaka 1,000 iliyopita, kwa sababu katika mwandiko wao i ilipokaa karibu na m au n vijiti vilichanganyika, mtu hajui kipi ni cha nani. Wakatia alama ndogo juu kumtambulisha mwenyewe. Omari huitia mwisho kabisa, kwa kishindo, na mara nyingi karatasi hutoboka.

Jina sasa liko kwenye jalada la daftari, kwenye mlango wa choo kwa mkaa, na kwenye mchanga wa ufukweni mpaka maji yajae. Mama amekwisha mwonya kuhusu mlango.

Jioni moja nami nikawaeleza Omari na dada yake habari za picha. Fatuma akataka la kwake. F ni kulabu, nikamwambia, na U nayo ni kulabu ile ile, zilitoka kwenye herufi moja ya kale zikaachana. T ilikuwa alama tu, mistari miwili iliyokatishana. M ni maji. Na A zipo mbili.

"Kwa hiyo mimi nina ng'ombe wawili," akasema Fatuma.

Omari akahesabu la kwake, kidole juu ya kila herufi. Akahesabu tena. Kisha akamwendea bibi kushtaki kwamba Fatuma kapewa ng'ombe wawili na yeye mmoja, na kwamba kuanzia kesho anataka kuitwa Abdallah.