Gia Ikikwama Kwenye P, Anza na Taa za Breki

"Fundi, giaboksi imekufa." Hayo ndiyo maneno ambayo wenye magari huja nayo kwenye gereji za Kithimani, kando ya barabara kuu ya Thika kwenda Garissa. Jana gari lilikuwa zima. Leo asubuhi injini imewaka vizuri, lakini mkono wa gia umekwama kwenye P, hauendi rivasi wala draivu. Mtu ameuvuta mpaka kiganja kinauma. Jirani naye ameshamwambia kwamba gia za otomatiki zikianza hivyo, dawa ni kushusha giaboksi nzima na kutafuta nyingine iliyotoka Japani.

Naandika ili mtu huyo asitoe pesa hizo bure. Mkono wa gia ukikwama kwenye P wakati injini inanguruma, giaboksi ndiyo ya mwisho kushukiwa. Swali la kwanza analopaswa kuulizwa mwenye gari ni hili: "Mzee, ukikanyaga breki, taa za nyuma zinawaka?"

Wengi hushangaa kusikia taa zinaingiaje hapo. Juu ya pedali ya breki kuna swichi ndogo. Ukikanyaga, swichi hiyo hupeleka umeme wa volti 12 kwenye taa za nyuma, na ishara ya breki hufika pia chini ya mkono wa gia. Huko kuna koili yenye pini, ambayo mafundi huiita solenoidi. Gari likiwa kwenye P, pini hiyo huuzuia mkono kama komeo linavyozuia mlango. Ishara ya breki ikifika, koili inageuka sumaku, pini inasogea, mkono unakuwa huru. Ishara isipofika, mkono hautoki hata ukivutwa na watu wawili, na anayezidi kuulazimisha atavunja plastiki za ndani na kujiongezea gharama.

Kizuizi hicho hakikuwekwa kwa mapambo. Mwaka 1986 kulizuka malalamiko makubwa Marekani kuhusu Audi 5000, kwamba gari lilikuwa likichomoka lenyewe dereva akitoa gia kwenye P. Uchunguzi wa serikali ya nchi hiyo, uliotolewa 1989, ulionyesha kwamba sababu kuu ilikuwa madereva kukanyaga mafuta wakidhani wamekanyaga breki. Audi walikuwa wameshaweka kifaa cha kumlazimisha dereva akanyage breki kwanza, watengenezaji wengine wakafuata, na Marekani ikakifanya sharti kwa magari madogo yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2010. Probox, Fielder, Noah, Demio na Note tunazozipokea bandarini Mombasa huja nacho tayari.

Basi tuanze kupima. Vuta handibreki, weka mawe kwenye magurudumu kama kuna mteremko. Zungusha ufunguo mpaka ON, maana ukiishia kwenye ACC solenoidi nyingi hazipati umeme, na nimewahi kuona gari likiletwa limekokotwa kwa sababu hiyo peke yake. Angalia pia betri: iliyojaa, gari likiwa limezimwa, husoma karibu volti 12.6, na injini ikiwaka inatakiwa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Betri ikiwa hoi, koili haina nguvu ya kuvuta pini. Kisha mwombe mtu asimame nyuma ya gari, pembeni kidogo, ukanyage breki.

Taa zote zikikaa kimya, hata ile ya juu kwenye kioo, fungua kisanduku cha fyuzi na utafute ile iliyoandikwa STOP. Imekatika? Usiweke kubwa zaidi. Tafuta kilichoikata. Kwa Probox na Fielder, mimi huanzia kwenye waya zinazopita karibu na bawaba za mlango wa nyuma. Mlango huo hufunguliwa na kufungwa kutwa nzima kupakia nyanya na maembe. Mpira unaozifunika waya hupasuka, waya huchubuka na kugusa bodi, fyuzi inakwenda. Ukibadilisha fyuzi tu, kesho utarudi gereji.

Fyuzi ikiwa nzima, inama uangalie swichi ya pedali yenyewe. Hapohapo kuna kitu kidogo, chenye dalili za kinyume, ambacho nawaomba wasomaji wakijue kwa macho yao. Kwenye bati la pedali, pale ncha ya swichi inapogusa, kuna kipande cha plastiki au mpira kipana kama shilingi. Kwenye Honda na Nissan nyingi zilizozeeka kipande hicho hukauka, kikapasuka na kuanguka vipande vipande. Ukiinua kapeti upande wa dereva na kukuta chenga ngumu za rangi ambayo haifanani na udongo, usizifagie haraka. Kipande kikishatoka, ncha ya swichi hupenya kwenye tundu lililobaki, na gari linadhani breki imekanyagwa saa zote. Taa za breki zinakesha zikiwaka, betri inakufa usiku, na jambo la hatari zaidi ni kwamba gia inatoka kwenye P bila mtu kugusa breki. Mtoto akipanda na kuchezea mkono huo injini ikiwa inawaka, hakuna cha kumzuia. Kipuri chenyewe ni cha bei ndogo sana. Kwa dharura, fundi anaweza kuweka boliti na nati kwenye tundu hilo, na kazi ikakaa vizuri mpaka kipuri kipatikane.

Sasa chukua hali ya pili: taa zinawaka, lakini mkono bado umegoma. Zima redio, funga madirisha, sogeza sikio karibu na mkono wa gia, ukanyage breki taratibu. Utasikia "tak" ndogo, au hutasikia kitu. Ukiisikia, umeme umefika na pini imesogea. Tatizo ni la kimwili. Kibonyezo cha kichwani kimelegea, kebo ya gia imeshikana, au soda iliyomwagika mwezi uliopita imegandisha sukari na vumbi ndani ya kisanduku cha mkono. Au gari limeegeshwa mlimani bila handibreki na uzito wake wote umelala kwenye jino dogo la chuma ndani ya giaboksi, lile linaloshika gari likiwa kwenye P. Hapo mtu akilisukuma gari kidogo kuelekea juu huku umekanyaga breki nusu, mkono hutoka. Vuta handibreki kwanza, ndipo uweke P: ukizoea hivyo, jino hilo halitabeba mzigo lisiopaswa kuubeba.

Ukimya, kwa upande mwingine, unaelekeza kwenye solenoidi, waya zake, au swichi ya pedali tena. Swichi nyingi zina njia mbili ndani, moja ya taa na nyingine ya kompyuta, kwa hiyo taa kuwaka hakuiondolei lawama. Fundi wa umeme mwenye multimita atamaliza ubishi huo bila kununua kipuri hata kimoja.

Ukiwa umekwama barabarani, tafuta kifuniko kidogo kando ya mkono wa gia, mara nyingi kimeandikwa SHIFT LOCK. Handibreki juu, breki imekanyagwa, bonyeza ndani kwa ufunguo au bisibisi huku ukitoa gia. Kimewekwa ili ufike gereji. Na kama taa za breki hazikuwaka, endesha polepole, kwa sababu lori lililo nyuma yako halitajua unasimama.

Yapo pia magari yanayolalamika kinyume chake. Mkono uko kwenye P kabisa lakini ufunguo hautoki, au gari la kubonyeza kitufe halizimiki lote, linabaki ACC na asubuhi betri imelala. Hapo gari halijui kwamba liko kwenye P. Chini ya mkono kuna swichi ndogo ya kutoa taarifa hiyo, nayo haipendi vumbi la barabara zetu za mashambani. Sukuma mkono mbele kwa nguvu kidogo. Ufunguo ukitoka, umeshampata mkosaji.

Swichi nyingine ya kutoa taarifa za gia iko nje, ubavuni mwa giaboksi. Hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta gia iliyowekwa, inayowasha taa za rivasi, na inayozuia stata isizunguke gari likiwa kwenye draivu. Maji ya presha ya kuoshea injini huingia humo na kuozesha vyuma vyake vya kupitisha umeme. Herufi kwenye dashibodi hupotea, au gari hukataa kuwaka kwenye P na kukubali kwenye N. Mashine ya kusoma hitilafu huonyesha P0705 au P0706. Hata hivyo, usikimbilie kununua mpya: kwenye Toyota nyingi swichi hii hufungwa kwa boliti mbili na ina alama ya N, na huenda imesogea tu au kebo imelegea. Weka N, legeza boliti, linganisha alama, kaza.

Wako mafundi wanaoifunga pini ya solenoidi kwa waya isizuie tena, ili mteja aondoke haraka. Kazi hiyo naipinga kwa moyo wote, kwa sababu P isiyoaminika inaweza kuua. Juni 2016 mwigizaji Anton Yelchin alifariki Los Angeles baada ya gari lake aina ya Jeep Grand Cherokee kuserereka na kumbana. Mkono wa gia wa gari hilo ulikuwa ukirudi katikati kila ukisukumwa, na madereva walishindwa kujua kama P imeingia. Aprili mwaka huohuo kampuni iliyolitengeneza ilikuwa imetangaza kuyaita kwa marekebisho magari yapatayo milioni 1.1. Dereva anayeshuka akiamini gari limeshika, kumbe halijashika, anakuwa amesimama mahali pabaya.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, fanya jaribio hili mbele ya fundi, uwanja ukiwa wazi, handibreki juu na breki imekanyagwa. Jaribu kuwasha kwenye P, kisha R, N na D, ukizima kila mara. Injini iwake kwenye P na N peke yake. Halafu toa mguu kwenye breki, ufunguo ukiwa ON, ujaribu kutoa mkono kwenye P. Ukitoka, au stata ikizunguka kwenye R au D, mrudishie fundi ufunguo.