Kozi ya Kiingereza ikikwama, muulize mwanafunzi kwa Kiswahili

Mtoto aliyemaliza shule ya msingi ya kawaida ya serikali pale Bagamoyo amesoma Hesabu na Sayansi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu. Anaingia kidato cha kwanza, anapewa kitabu cha Baiolojia cha Kiingereza. Darasa linanyamaza.

Tatizo ni la zamani. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wa Tanzania wakakuta Kiingereza cha wengi hakitoshi kusomea masomo mengine.

Mwaka 2013 ukaanza mradi wa LSTT, uliounganisha Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza na vyuo vya hapa nchini, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dodoma. Hawa waliingia madarasani kwanza. Wakaona lugha ya vitabu imewazidi wanafunzi, na mwalimu anaishia kuandika notisi ubaoni ili wanakili.

Wakaandika kurasa za majaribio za Baiolojia, Hisabati na Kiingereza, zikajaribiwa shuleni, kisha zikarekebishwa. Sentensi zilifupishwa na picha zikaongezwa. Maneno magumu yaliwekewa maana kwa Kiswahili. Wanafunzi wakaruhusiwa kujadili kwanza kwa Kiswahili, halafu ndiyo waandike Kiingereza.

Hata mwalimu wa kozi ya jioni anaweza kuanza hivyo, bila mradi. Ila asiulize "mmeelewa?" Hilo swali halina kazi, maana darasa zima litaitikia "ndiyo mwalimu". Agawe vikaratasi visivyo na jina: neno gani limekukwamisha leo? Zoezi gani umelinakili kwa mwenzako? Wajibu kwa Kiswahili, kwa sababu asiyejua Kiingereza hawezi kukilalamikia kwa Kiingereza.

Walimu nao waulizwe ni kurasa zipi wanaziruka kila mwaka. Ukurasa unaorukwa na walimu watatu una kasoro, usisingizie uvivu wao.

Na maoni yachukuliwe katikati ya muhula. Yakija baada ya mtihani yatamsaidia mtoto wa mwakani, huyu wa sasa keshaondoka.

Kitabu kikirahisishwa, mtihani wa kidato cha pili bado unakuja kwa Kiingereza. Mtoto anaweza kujua vizuri mmea unavyojitengenezea chakula, akashindwa kuliandika jibu, akakosa alama. Ndiyo maana zile kurasa za majaribio hazikuishia kwenye mjadala: baada ya kujadili, wanafunzi waliandika Kiingereza.