Makafi Mangapi kwa Mchanga wa Wahiba?

Msomaji mmoja wa Ibra, Oman, mji ambamo Kiswahili bado kinasikika katika nyumba nyingi zilizowahi kuwa na watu wao Unguja, ameniandikia juu ya matairi. Mwanawe amenunua kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, yenye injini ya cc 450, na sasa kila Ijumaa mawazo yako Bidiya, kwenye matuta ya mchanga wa Wahiba. Dukani wamekuta matairi ya nyuma ya aina tatu: yenye mbavu 8, yenye 10 na yenye 12. Muuzaji hakupoteza muda. Chukueni kumi na mbili, kasema, zikizidi ndiyo bora. "Binti yangu," ananiuliza mzee, "ni kweli, au ni maneno ya biashara?"

Ni maneno ya biashara, mzee wangu. Ila sababu yake ni tamu, nami nitaila polepole.

Tairi lenyewe ni kipara. Halina kashata za kawaida. Lina mbavu za raba zilizokingama upana wake wote, kimo cha sentimita mbili hadi tatu, zimepindwa kidogo zikafanya tumbo. Kuna wanaoziita makasia, na hapo sikubaliani nao. Kasia ni refu, lina kishwara chake ubavuni mwa chombo. Kafi ni fupi, halina pa kuegemea ila mikono ya mtu. Basi haya ni makafi, na tairi lake ni tairi la makafi. Anayetaka makasia aandike makala yake.

Habari za chapa, bei na ugumu wa raba nitaziruka, muuzaji anazijua kuliko mimi. Twende kwenye mchanga.

Wahiba ni eneo la kilomita za mraba 12,500 hivi, lina matuta marefu yaliyolala kaskazini na kusini, mengine yakifika mita 100. Aliyeyapanga ni Kusi, upepo uleule uliokuwa ukirudisha majahazi kutoka Unguja kwenda Oman, na sehemu ya mchanga huo ni vipande vya makombe ya bahari vilivyosagika. Mchana, punje zikikauka, hakuna kinachozishikanisha. Hakuna gundi, hakuna udongo. Nguvu yote ya mchanga mkavu ni msuguano wa punje kwa punje, na msuguano unatokana na kukandamizwa. Mchanga usiokandamizwa hauna nguvu kabisa.

Mhandisi wa Uskoti, William Rankine, aliiandikia jambo hili hesabu mwaka 1857. Yeye alikuwa akifikiria kuta zinazozuia udongo, hakufikiria matairi, lakini hesabu haijali. Ukiukandamiza mchanga mkavu kutoka juu, kisha ukausukuma kutoka ubavuni, hautakubali kung'oka mpaka msukumo wa ubavuni ufike mara tatu na nusu ya ule wa juu. Naomba uisome tena sentensi hiyo. Kitu kinachomwagika mkononi, kisichoweza hata kusimama wima, kinakurudishia mara tatu na nusu ya unachokitwika.

Sasa chukua kafi moja la upana wa sentimita 25 na kimo cha sentimita 2.5. Lizike kwenye mchanga ambao haujabebeshwa chochote, ulisukume. Uzito wa mchanga wenyewe katika kina hicho ni mdogo mno, kwa hiyo msukumo usiofika hata nusu kilo unatosha kuung'oa. Kisha weka kwadi juu yake. Mashine na mpandaji wake tuseme ni kilo 255, na kilo 140 kati ya hizo zinaegemea nyuma, yaani 70 kwa kila tairi. Tairi lenye upepo wa paundi 3 tu kwa inchi ya mraba linaukandamiza mchanga kwa gramu 200 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Kafi ni lilelile, mchanga ni uleule, lakini sasa upinzani ni kilo 44. Karibu mara mia! Kwadi inajitengenezea yenyewe ardhi ya kujisukumia.

Waliozoea mtumbwi watanielewa upesi. Kwenye maji ya kina unatumia kafi: unayatupa maji nyuma, na kwa kuwa maji yamekwenda nyuma, mtumbwi unakwenda mbele. Usipoyatupa kwa nguvu hupati kitu, maana maji hayashikiki. Ukifika kina kifupi unaweka kafi chini, unachukua pondo. Unaikita, unasukuma, na kwa kuwa chini hapaendi popote, kinachokwenda ni mtumbwi. Pondo haina haja ya haraka. Mzee anavuka nayo mkondo bila kutoka jasho, huku kijana mwenye kafi anatweta. Ila pondo inataka chini pagumu. Ukiikita topeni inazama, na ukiing'ang'ania utabaki nayo mkononi, mtumbwi umeshakwenda zake. Mchanga mkavu ni vyote viwili. Ukitwikwa uzito ni chini pagumu, na mbavu za tairi, nimeziita makafi lakini ndiyo hivyo, zinafanya kazi ya pondo. Ukichapwa kwa kasi, tairi likizunguka haraka kuliko mwendo wa kwadi, mchanga unakuwa maji, na hapo ndipo tairi linapoanza kupiga kafi kwa kweli. Lile shungi refu la mchanga linaloruka nyuma ya kwadi ndiyo maji yanayotupwa. Mpandaji mzuri anajua dakika gani yuko kwenye pondo na dakika gani yuko kwenye kafi, na havuti mafuta ya kafi mahali pa pondo.

Pondo ina kikomo chake. Punje juu ya punje haziwezi kuzuia zaidi ya theluthi mbili hivi za uzito uliozikalia. Ukizidisha hapo, tabaka zima la mchanga linateleza pamoja na tairi. Theluthi mbili za kilo 140 ni kilo 93. Na makafi mawili tu, moja kushoto na moja kulia, yameshatupatia 88. Umeona muuzaji alipokosea? Huhitaji makafi mengi ardhini kwa wakati mmoja. Unachohitaji ni kwamba muda wowote, kila tairi liwe na kafi moja lililokaliwa na uzito, lisipungue.

Tairi la kipenyo cha inchi 20 lina mzingo wa sentimita 160. Makafi 8 yatapishana kwa sentimita 20, makafi 10 kwa 16, makafi 12 kwa 13. Kwa uzito na upepo wa tairi tuliotaja, sehemu ya tairi inayogusa mchanga ina urefu wa sentimita 14 hivi, na tairi likizama kidogo inarefuka. Makafi 8 basi yanaacha mwanya: kuna nukta ambazo tairi halina kitu ardhini ila kipara chake, kwadi inasita, inashtuka, inasita tena. Makafi 10 yanaziba mwanya huo mara tu tairi linapozama sentimita chache, na mchangani lazima lizame.

Na 12? Kafi linaposukuma, halisukumi mchanga ulioligusa peke yake. Linang'oa kabari nzima inayopanda kutoka ncha yake hadi juu, na urefu wa kabari hiyo unakaribia mara mbili ya kina cha ncha. Ncha ikiwa sentimita 7 chini, kabari ina sentimita 13. Hapo kila kafi kati ya 12 linaingia kwenye mchanga ambao jirani yake ameshauvuruga. Yanalipiwa mafuta, hayalipi msukumo.

Kuna gharama nyingine, nayo ndiyo inayoiua injini ndogo. Kila kafi likichota, linachota kama nusu kilo ya mchanga. Tairi la makafi 10 likizunguka mara 10 kwa sekunde, matairi mawili yanatupa kilo 100, gunia zima la mahindi, kila sekunde. Ukiweka 12, umeongeza kilo 20 nyingine. Injini ya cc 450, yenye nguvu za farasi 40 hivi, inaanza kushuka resi katikati ya mlima. Kijana anarudisha gia, kasi inapotea, tairi linachimba, na sasa anasukuma. Kwa kwadi kubwa kama Yamaha Raptor 700, au kwa mashine zilizochezewa injini zinazopandishwa kwenye matuta ya Glamis, California, hesabu ni nyingine. Hizo zina farasi wa kutosha kukaa kwenye kafi tangu chini hadi kileleni, na makafi 12 au zaidi ni halali yao.

Najua mchanga halisi ni mkorofi kuliko nilivyouchora. Tuendelee.

Upepo wa tairi una umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Ralph Bagnold, ofisa wa Kiingereza aliyeendesha magari ya Ford katika jangwa la Libya mwishoni mwa miaka ya 1920, alikuwa mmoja wa walioonyesha kwamba gari likipunguzwa upepo linapita mahali ambapo lingezama. Mwaka 1941 akatoa kitabu kizima juu ya mchanga unaopeperushwa, na wataalamu wa matuta bado wanakisoma. Kwenye kwadi, paundi 3 hadi 5 zinatosha. Chini ya hapo, ukikata kona kali, ukingo wa tairi unachomoka kwenye rimu.

Halafu uchague upande wa kupandia. Upande wa goshini, upepo utokako, mchanga umeshindiliwa na mteremko wake mara nyingi ni nyuzi 10 hadi 15. Msukumo wa kilo 93 kwa mzigo wa kilo 255 unapanda hadi nyuzi 21, kwa hiyo upande huu kwadi inaweza hata kuanza kutoka kusimama. Upande wa demani mchanga umemwagika tu, umetulia kwenye nyuzi 34, pembe ya mwisho ambayo punje zinaweza kuivumilia. Hapo hakuna tairi duniani linaloanza kutoka kusimama, liwe na makafi 8 au 30. Unapanda kwa kasi uliyokuja nayo kutoka bondeni, au hupandi. Asubuhi na mapema, umande ukiwa bado haujakauka, mchanga ni mgumu zaidi na yote haya ni mepesi. Kofia ngumu, bendera ndefu ya kuonekana na wengine, na kutoruka kilele usichokiona nyuma yake: hayo mzee anayajua kuliko mimi.

Basi mwanawe anunue ya makafi 10 kwa nyuma. Mbele, kwa kuwa kwadi ya aina hii inaendeshwa na magurudumu ya nyuma tu, kafi halina kazi. Anunue tairi laini lenye ukuta mmoja wa raba katikati, ndio utakaokata mchanga na kumpa kona. Aipeleke kwadi Bidiya juu ya pikapu, kwa sababu lami na changarawe zitayala makafi hayo mapema sana. Na fundi akishayafunga, mzee ayatazame kabla ya kulipa: kwenye sehemu ya juu ya tairi, tumbo la kafi, yaani upande unaochota, lazima liangalie mbele. Likiangalia nyuma, matairi yamefungwa kinyume, na hata tuta la watoto halitapandika.