Je, Wajua? Fundi Aliyehamia Nyikani Alaska

Richard Proenneke, fundi wa mitambo ya dizeli aliyezaliwa Iowa, Marekani, mwaka 1916, aliacha kazi akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, akaenda kuishi peke yake kando ya maziwa ya Twin Lakes, Alaska. Ilikuwa mwaka 1968. Huko hapakuwa na barabara, umeme wala maji ya bomba.

Nyumba yake ya magogo aliijenga kwa zana za mkono tu. Magogo ya msprusi alikuwa ameyakata na kuyabambua magome kiangazi cha 1967. Ili kupunguza mzigo, baadhi ya zana alizibeba bila mipini. Mipini akaichonga hukohuko. Bawaba za mlango zilikuwa za mbao, na madebe ya petroli aliyakata akapata beseni na vyombo vya kuhifadhia chakula. Meko aliijenga kwa mawe ya kuokota. Kazi hizi alizirekodi mwenyewe kwa kamera ya filamu.

Alivua samaki na kulima bustani ndogo, lakini hakujitenga kabisa, jambo ambalo baadhi ya wanaomsifu husahau: rubani rafiki yake alimletea barua na vyakula kwa ndege ndogo.

Proenneke alikaa hapo takriban miaka 30, ingawa mara nyingine alitoka kwenda kuwaona ndugu zake. Alifariki mwaka 2003. Nyumba hiyo bado imesimama ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Lake Clark, na wageni huruhusiwa kuitembelea.